Aix, Loudun, Louviers au Auxonne: uanzie na kisa kipi cha watawa waliopagawa?

Ukiuliza habari za watawa waliopagawa na mashetani Ulaya ya karne ya 17, jina la kwanza utakalotajiwa ni Loudun, na mara nyingi ndilo pekee. Haishangazi. Kisa kile kina padri mtanashati mwenye ulimi mtamu, mama mkuu mwenye kijicho, Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme, nyuma ya pazia, na moto uwanjani. Lakini Ufaransa hiyohiyo ilikuwa na kesi nyingine tatu kubwa kati ya 1609 na 1662, na kila moja ina jambo usilolipata Loudun. Kama unatafuta kisa kimoja cha kuandikia insha, kutengenezea podikasti au kujadili na wenzako, tazama kwanza unachagua nini.

Msingi wa kesi zote nne ni mmoja. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipofunga vikao vyake mwaka 1563, uliagiza watawa wa kike wakae ndani ya ugo, wasitoke wala wasiingiliwe ovyo. Nyumba zikapokea mabinti ambao baadhi yao hawakuuchagua utawa. Kule mahari hutolewa na baba wa binti, na mahari ya kumpeleka konventini ilikuwa nafuu kuliko ile ya kumpatia mume mwenye hadhi. Baba mwenye mabinti wengi alipiga hesabu. Mwanamume pekee aliyewasikiliza kwa karibu alikuwa padri muungamishi. Halafu anatokea mmoja anayeanguka, anayepiga mayowe, anayejipinda mgongo kama upinde, na muda si mrefu wameshakuwa watano, kumi.

Penye uzito ni hapa. Kupagawa hakukuwa kosa. Aliyepagawa alihesabiwa mgonjwa, tena wa kuonewa huruma. Mwenye kosa ni mchawi aliyemtuma pepo. Kwa hiyo mpunga pepo akishamuuliza pepo jina lake, swali linalofuata ni nani aliyekutuma, na jibu lake linaweza kumtoa mtu roho. Anayejua habari za majini ya kutumwa hatahitaji maelezo zaidi. Tatizo ni kwamba shetani, kwa maneno ya Injili ya Yohana, ni baba wa uongo. Je, ushahidi wake upokewe mahakamani? Walimu wa teolojia wa Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, walisema katika miaka ya 1620 kwamba usipokewe. Kila kesi hapa chini ililijibu swali hilo kivyake, na hicho ndicho kipimo changu.

| | Aix-en-Provence | Loudun | Louviers | Auxonne |
|---|---|---|---|---|
| Miaka | 1609–1611 | 1632–1637 | 1642–1647 | 1658–1662 |
| Watawa | Waursula | Waursula | Wafransisko wauguzi | Waursula |
| Mshtakiwa | Padri Louis Gaufridy | Padri Urbain Grandier | Mtawa Madeleine Bavent. Mapadri Picard na Boullé | Mtawa Barbe Buvée |
| Aliyeamua | Parlement ya Aix | Tume maalumu ya mfalme | Askofu wa Évreux, kisha Parlement ya Rouen | Parlement ya Dijon |
| Mwisho | Alichomwa 30 Aprili 1611 | Alichomwa 18 Agosti 1634 | Bavent kifungo cha maisha; Boullé alichomwa pamoja na maiti ya Picard, Agosti 1647 | Aliachiwa 1662 |

(Parlement hapa si bunge la kutunga sheria. Ni mahakama kuu ya mkoa. Waursula ni shirika la watawa wa kike.)

Aix: pale kielelezo kilipotengenezwa

Madeleine de Demandolx de la Palud alikuwa binti wa familia ya kikabaila kutoka Provence, msichana asiyetimiza miaka ishirini, aliyepelekwa kwa Waursula. Louis Gaufridy, padri wa parokia ya Accoules mjini Marseille, alikuwa rafiki wa familia na muungamishi wake. Mwaka 1609 Madeleine akaanza kupata mitetemeko na maono, kisha akasema padri huyo alimharibu na kumkabidhi kwa shetani. Mtawa mwenzake, Louise Capeau, naye akapagawa, na pepo wake, aliyeitwa Verrine, akawa mhubiri hasa: akimsifu Bikira Maria, akiwakaripia wakosefu, akimtaja Gaufridy kwa jina.

Wakapelekwa Sainte-Baume, pango ambalo watu wa Provence wanaamini Maria Magdalena alitubia humo. Msimamizi alikuwa Mdominiko Sébastien Michaelis, mtu aliyekwisha kuwa na uzoefu wa kesi za wachawi. Kuna jambo moja pale linalonifanya nikose usingizi kila ninapolisoma: Gaufridy mwenyewe aliitwa aje kumpunga pepo mwanamke aliyekuwa akimtuhumu. Alikuja. Baada ya hapo hakuwa na pa kukimbilia.

Parlement ya Aix ilimpokea pepo kama shahidi, ikatuma waganga na wapasuaji kumtafuta alama za shetani mwilini kwa sindano, ikapata maungamo ya mkataba na Ibilisi, na ya pumzi ambayo akimpulizia mwanamke, mwanamke anampenda. Gaufridy alizikana baadhi ya kauli hizo baadaye, lakini alichomwa tarehe 30 Aprili 1611.

Aix ni kisa cha kuchagua ikiwa unataka kuona jinsi desturi inavyozaliwa. Michaelis alichapa kitabu cha habari zote mwaka 1613, kikatafsiriwa Kiingereza mwaka huohuo, na tangu hapo kila aliyetaka kupunga watawa alikuwa na mwongozo: pepo anayehubiri, padri mchawi, sindano, mkataba. Udhaifu wake ni huo huo. Karibu kila unachokisoma kimepita mkononi mwa Michaelis, aliyekuwa na kesi ya kushinda. Madeleine mwenyewe humsikii vizuri. Unajua tu kwamba uchungu haukumwachia: mwaka 1642 alishutumiwa uchawi yeye, na miaka kumi baadaye akashutumiwa tena na kufungwa. Alifariki 1670. Mwathirika wa mwaka 1611 akawa mchawi wa mwaka 1652.

Loudun: karatasi nyingi kuliko zote

Loudun, mji wa Poitou wenye Wakatoliki na Waprotestanti wakitazamana kwa jicho la pembeni, ulipigwa na tauni mwaka 1632. Septemba ya mwaka huo, Waursula wakaanza kuona kivuli cha muungamishi wao aliyekuwa amefariki. Mama mkuu alikuwa Jeanne des Anges, mwanamke mwerevu wa familia bora, mwenye kasoro ya mgongo. Alikuwa amemwomba Urbain Grandier, paroko wa Saint-Pierre-du-Marché, awe muungamishi wao, alikataa. Kazi ikachukuliwa na kanoni Mignon, aliyekuwa adui wa Grandier. Pepo wakaanza kulitaja jina la Grandier.

Grandier alikuwa amejitafutia maadui bila msaada wa mtu. Mhubiri hodari, mwenye kiburi, aliyempa mimba binti wa mwendesha mashtaka wa mfalme mjini, aliyeandika hoja dhidi ya useja wa mapadri, na aliyepinga kubomolewa kwa kuta za ngome ya Loudun kulikoamriwa na Richelieu. Mara ya kwanza, mwishoni mwa 1632, askofu mkuu wa Bordeaux aliingilia kati, akamtuma daktari wake, na mapepo yakatulia. Yaliporudi, alikuwepo mjini mtu wa Richelieu, Laubardemont, aliyekuja kusimamia ubomoaji huohuo. Akapewa mamlaka ya kesi. Grandier alikamatwa Desemba 1633, na rufaa ya kwenda Parlement ya Paris ikazibwa.

Hapo ndipo Loudun inapowashinda wote kwa utajiri. Mapepo yalipungwa hadharani, makanisani, mbele ya maelfu, wageni wakitoka Paris na hata Uingereza kuja kutazama. Ndugu wa mfalme, Gaston d'Orléans, alifika 1635. Na kwa kuwa kila mtu aliona, kila mtu aliandika: wapunga pepo, madaktari, watalii, Waprotestanti. Daktari Mskoti wa Saumur, Marc Duncan, alichapa mashaka yake mapema kabisa, 1634.

Chukua suala la lugha. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kiliorodhesha dalili za pepo wa kweli, na ya kwanza ni kusema lugha ambayo mtu hakujifunza. Waandishi wa Kiprotestanti walisimulia kwa furaha isiyofichika yaliyotokea Loudun siku Mskoti mmoja wa mjini pale alipoomba pepo aseme "maji" kwa Kiskoti. Pepo, kwa Kilatini, akajibu kwamba udadisi umezidi. Aliposhikiliwa, akasema *Deus non volo*, Kilatini ambacho ni sawa na kusema "Mungu sitaki" kwa mtu aliyekusudia "Mungu hataki". Wapunga pepo walikuwa na jibu: wapo mapepo wasio na elimu. Unaweza kucheka, lakini jibu hilo lilitosha kwa mahakama.

Jambo jingine halichekeshi. Julai 1634, karibu na hukumu, baadhi ya watawa walianza kusema wamemsingizia mtu asiye na hatia. Inasimuliwa kwamba Jeanne des Anges alisimama uani, amevaa shumizi tu, kamba shingoni, akiungama hivyo. Wakuu wakaamua kuwa ni hila ya shetani anayetaka kumwokoa mtumishi wake. Iangalie kwa makini hoja hii: pepo akimshtaki Grandier, anasema kweli kwa sababu amelazimishwa na sakramenti, mtawa akimtetea Grandier, ni pepo anayedanganya. Mwezi huohuo, tangazo liliwekwa kwamba atakayesema vibaya juu ya wapunga pepo atatozwa faini ya livre 10,000 (livre ni fedha ya Ufaransa ya wakati ule). Grandier alivunjwa miguu kwa mateso, hakukiri uchawi, akachomwa tarehe 18 Agosti. Aliahidiwa kunyongwa kabla moto haujashika, haikufanyika.

Na mapepo hayakutoka. Yaliendelea hadi 1637, ishara tosha kwamba mchawi hakuwa chanzo, au kwamba maonyesho yalikuwa na wadhamini. Dola ndiyo iliyogharamia. Mjesuiti Jean-Joseph Surin, aliyeletwa mwishoni mwa 1634, aliomba kwa Mungu abebe yeye mateso ya Jeanne, akaugua akili kwa takriban miaka ishirini. Jeanne akapona, akaibuka na majina ya Yesu, Maria, Yosefu na Fransisko wa Sales yameandikwa kwa wekundu mkononi mwake, na mwaka 1638 akazungushwa Ufaransa nzima, hadi kwa Richelieu na kwa malkia, aliyekuwa na ujauzito wa mtoto atakayekuwa mfalme Louis XIV. Mwaka 1645 msafiri Balthasar de Monconys aliomba kuuona mkono. Wakati wa kuagana aliushika, akapitisha ukucha taratibu kwenye herufi M, na kipande cha mguu wa herufi kikabanduka. Aliandika kwamba aliridhika.

Kwa hiyo Loudun ni chaguo la anayetaka siasa, umma na wingi wa nyaraka, pamoja na maisha ya Jeanne aliyoyaandika mwenyewe, ambayo madaktari wa Paris waliyachapa 1886 yakiwa na dibaji ya Charcot, daktari wa magonjwa ya neva, ili kuthibitisha kwamba alikuwa na histeria. Kumbuka tu kwamba kisa hiki kimeshatafunwa na kila mtu: wapinga dini walikifanya ushahidi dhidi ya kanisa, madaktari ushahidi wa ugonjwa, watengeneza filamu ushahidi wa ngono. Utatumia nusu ya muda wako kuondoa tafsiri za wengine kabla hujafika kwa watawa.

Louviers: mshtakiwa anapozungumza

Hapa ndipo ningempeleka rafiki yangu kwanza.

Madeleine Bavent alizaliwa Rouen mwaka 1607. Yatima, fundi cherehani mwanafunzi kabla ya kuwa mtawa (kwa mkono na sindano, bila shaka), hana familia ya kumtetea. Nyumba ya Louviers, huko Normandia, ilikuwa ya wauguzi wa Kifransisko. Kiongozi wake wa kwanza wa kiroho, Padri Pierre David, alifariki 1628. Kwa maelezo ya Madeleine, alifundisha kwamba roho iliyojazwa na Mungu haitendi dhambi kwa mwili, hata watawa wakasali uchi. Akafuata Mathurin Picard, paroko wa Mesnil-Jourdain, ambaye Madeleine alisema alimwingilia kwa nguvu na kwa vitisho. Picard alifariki 1642, akazikwa kanisani mwa konventi. Mapepo yakalipuka hadharani mara baada ya hapo.

Waliopagawa walimtaja marehemu, na walimtaja Madeleine. Tofauti na Aix na Loudun, mchawi sasa ni mmoja wao, tena yule ambaye, kama maneno yake ni ya kweli hata nusu, ndiye aliyetendewa. Askofu wa Évreux, François de Péricard, alimvua utawa Machi 1643 na kumhukumu kifungo cha maisha gerezani chini ya ardhi, mkate na maji siku kadhaa za juma. Akaamuru kwa siri maiti ya Picard ifukuliwe na kutupwa shimoni. Ikaonekana. Ndugu wa Picard wakalalamika mahakamani, na kutokana na malalamiko hayo ya kifamilia juu ya kaburi, kesi nzima ikaingia Parlement ya Rouen.

Malkia Anne wa Austria alimtuma daktari wake, Pierre Yvelin, mwaka huohuo. Yvelin alikaa, akatazama, akaandika kwamba anachokiona ni udanganyifu. Madaktari wa Rouen wakampinga kwa maandishi, naye akajibu. Ugomvi huo wa madaktari ni mzuri kuliko wa Loudun kwa sababu wote waliwatazama wanawake walewale siku zilezile.

Haukusaidia. Agosti 1647, Thomas Boullé, aliyekuwa msaidizi wa Picard, alichomwa hai katika uwanja wa Soko la Zamani, palepale alipochomwa Jeanne d'Arc, na mabaki ya Picard, aliyekufa miaka mitano nyuma, yakatupwa motoni pamoja naye. Madeleine alibaki gerezani. Humo alijaribu kujiua: alimeza buibui na vipande vya vioo, akajikata kwa kisu chenye kutu. Tunajua kwa sababu alimsimulia padri wa shirika la Oratorio, Charles Desmarets, na simulizi hilo likachapwa 1652.

Sasa, tahadhari. Ni maungamo yaliyopitia kalamu ya padri. Kuna kurasa ambapo anakiri kwenda kwenye mikutano ya wachawi, na hapohapo anasema hajui kama alikuwa macho au usingizini. Mimi nayaona maneno hayo ya mwisho kuwa yake kuliko yote. Mtu aliyekwisha kuulizwa mara mia hukiri kwa namna hiyo. Ukichagua Louviers, kazi yako itakuwa kutenganisha sauti mbili ndani ya maandishi mamoja, na kwa darasa au kikundi ni kazi nzuri mno. Mlinganishe pia na Simone Gaugain, mama mkuu wa mwanzo wa nyumba ileile, ambaye pepo walimtaja naye. Yeye alikuwa amehamia Paris, ameanzisha shirika, ana marafiki wenye vyeo. Alisafishwa.

Auxonne, kwa ufupi

Burgundy, 1658. Waursula wanapagawa, na anayetuhumiwa ni mtawa mwenzao Barbe Buvée. Hakuna padri mchawi tena. Tuhuma nyingi ni za mapenzi na watawa wenzake. Anafungwa pingu kwa muda mrefu. Maaskofu na daktari wanaotumwa wanatia sahihi kwamba mapepo ni ya kweli, lakini Parlement ya Dijon inamwachia mwaka 1662. Hicho ndicho cha kuzingatia: ukiamini mapepo yapo, bado unaweza kukataa kumfunga mtu kwa neno lao. Miaka ishirini baadaye, kwa amri ya Julai 1682, Louis XIV aliufanya uchawi kuwa shauri la utapeli na sumu. Auxonne haina moto wala msisimko, na ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa sheria.

Usije ukajenga hadithi ya giza kwenda nuruni, hata hivyo. Hispania, iliyokuwa na Inkwizisheni (mahakama ya kanisa dhidi ya uzushi) tunayoitisha nayo watoto, ilipata kisa cha konventi ya San Plácido mjini Madrid kabla ya Loudun. Watawa wengi wa nyumba ile walipagawa. Inkwizisheni iliwakamata 1628, ikamfunga muungamishi na kumwadhibu mama mkuu, Teresa Valle de la Cerda, kwa mafundisho potofu. Haikumchoma mtu, na 1638 ikawaondolea watawa hatia. Nako Ujerumani, mwaka 1749, mtawa mzee Maria Renata Singer wa Unterzell alikatwa kichwa na mwili wake kuchomwa Würzburg, kwa tuhuma zilezile za kuwatupia wenzake mapepo.

Basi uchague kipi?

Kwa podikasti ya vipindi vingi, Loudun, hutaishiwa. Kwa kipindi kimoja, epuka Loudun, maana utaishia kusimulia mapenzi ya Grandier na muda utakuwa umekwisha. Kwa insha kuhusu ushahidi, weka Aix na Auxonne mezani pamoja: pepo yuleyule, mahakama za aina ileile, majibu mawili. Usomaji wa parokiani nao ungefaa uanze na San Plácido, kwa sababu pale ni kanisa lenyewe linalosahihisha hukumu yake, na mjadala hauanzi kwa watu kujitetea.

Kwa anayetaka kisa kimoja tu na asiye na haraka, ni Louviers. Anza na ripoti ya Yvelin ya 1643, ambayo ni fupi, halafu simulizi la Madeleine la 1652. Ukifika mahali anapoeleza gereza la chini ya ardhi la askofu, rudi kwa Yvelin uangalie ni mara ngapi alimuuliza Madeleine swali lolote.